Kompyuta Iliyohifadhiwa Juu ya Moto

Marsela hakuwa mtu wa kumwachia fundi kitu chake akaondoka. Redio ya marehemu mumewe ilipoharibika, alikaa kwa fundi tangu asubuhi mpaka jua likainama, akiangalia kila waya ulivyotolewa na ulivyorudishwa. Cherehani ya akina mama wa jumuiya ilipopelekwa mjini, jumuiya ilimtuma yeye, kwa kuwa walijua macho yake hayasinzii. Alisoma mpaka darasa la saba, zamani hizo, na mengi aliyofundishwa yalikwisha kumtoka. Lakini kazi aliyoiona ikifanywa mara moja ilibaki kichwani.

Kwa hiyo Jumatatu ile aliposhuka kutoka Rhotia hadi Karatu mjini na kompyuta ndogo ndani ya kikapu, hakuwa na mpango wa kuiacha. Fundi alikuwa mwanamke wa Kimasai aitwaye Nalangu, mzaliwa wa Arash, umri wake kama miaka thelathini, mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko. Mle ndani mlikuwa na meza, taa ya shingo ndefu na benchi la wateja. Marsela aliketi, akaitoa kompyuta na kuisogeza mezani kwa mkono wake.

Nalangu alimwamkia, akamwambia aifuate kesho yake.

"Nitakaa," Marsela alisema.

"Hata zikifika siku tatu, yeyo?" Hivyo ndivyo Wamasai wanavyomwita mama.

"Hata zikifika tatu. Ninyi mlishachukua ng'ombe wa babu yangu. Hii nitailinda mwenyewe."

Nalangu alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akajibu kwamba ng'ombe wote ni wa Wamasai tangu dunia inaumbwa, na kwamba Wairaqw, watu wa kina Marsela, walikuwa wachungaji tu, tena wachungaji wasioaga wanapoacha kazi. Wateja wawili waliokuwa pale, wanaume wa kuendesha magari ya watalii, wakacheka pia. Baada ya utani huo, kazi ikaanza.

Kompyuta ilikuwa ya Angelina, binti yake wa mwisho. Angelina alimaliza chuo cha ualimu miaka mitatu nyuma, na kwa miaka hiyo yote jina lake halikutokea kwenye orodha ya ajira. Alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya watalii hapo Karatu, akilala kwenye vyumba vya wafanyakazi, na kurudi nyumbani Jumapili moja kwa mwezi. Sasa alikuwa amepata nafasi ya kujitolea kufundisha katika shule ya msingi huko Piyaya, mbele kabisa, ng'ambo ya hifadhi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ngoyai, aliahidi kwamba atakayefanya kazi vizuri atamwandikia barua ya kumwombea ajira. Aliweka sharti moja. Shule ilikuwa na sola ndogo lakini haikuwa na kompyuta, na taarifa za wanafunzi wote zilitakiwa ziingizwe kabla muhula haujaisha. Mwalimu wa kujitolea aje na kompyuta yake, tena inayofanya kazi. Palikuwa na kijana mmoja wa Loliondo aliyeitaka nafasi hiyo hiyo, na yeye kompyuta anayo. Gari la kumchukua Angelina lingepita Karatu Jumamosi alfajiri.

Marsela aliyajua hayo yote. Alijua pia kwamba Piyaya hakuna mtandao ila mtu apande kilima, kwamba maji ni ya mbali, na kwamba simba hupita. Alikuwa ameuliza watu. Kila aliyemuuliza alimwongezea jambo jipya, naye alilichukua akalala nalo.

"Ilikaa wapi muda wote huu?" Nalangu aliuliza akiigeuza mashine. "Isije ikawa imeingia maji."

Marsela aliwatazama wale madereva wawili. "Kabatini," alisema.

Haikukaa kabatini. Angelina alipoanza kazi hotelini aliiacha nyumbani, akamwambia mama yake aiweke kwenye kabati la chumbani. Lakini chumbani mvua za masika hufanya nguo ziote ukungu, na mwaka ule wezi waliingia kwa jirani na kubeba kila kilichokuwa kabatini. Nyumbani kwa Marsela, kama kwa mama yake na bibi yake, kitu kisichotakiwa kuharibika kina mahali pake. Ni darini, jikoni, juu ya mafiga. Huko hukaa mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake, na maharage ya kupanda, na moshi huyapitia kutwa hata dumuzi hawayagusi. Huko ndiko alikoweka cheti cha shamba ndani ya kopo. Akaiviringisha kompyuta kwa kanga, wala hakutumia mfuko wa nailoni kwa sababu nailoni hutoa jasho, akaipandisha pale karibu na mbegu, mahali pakavu kuliko pote katika nyumba. Ilikaa miezi minane. Alipoishusha, kanga ilikuwa imekuwa nyeusi. Aliifua kanga, akaifuta kompyuta kwa kitambaa chenye sabuni mpaka ikang'aa.

Nalangu aliiwasha. Iliwaka, ikajivuta muda mrefu, ikafika mahali ikaganda, kisha ikazima. Alisema tatizo analiona. Programu kuu iliyomo ndani ni nzito na mashine yenyewe ni ndogo. Ni sawa na kumfunga ndama kwenye plau. Ataiondoa na kuweka nyingine iitwayo Linux, aina nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za zamani.

Marsela aliuliza hiyo Linux ni ya nani. Nalangu akaeleza kwamba haina mwenyewe mmoja. Watu wengi wa nchi nyingi huitengeneza pamoja, na yeyote huichukua bure.

"Isiyo na mwenyewe ikiharibika anaitengeneza nani?"

"Mimi," Nalangu alisema.

Kwanza aliokoa mafaili ya Angelina, picha za chuo na barua za kuomba kazi, akayahifadhi kwenye flashi. Kisha akachomeka flashi nyingine yenye Linux, akawasha mashine huku akibofyabofya kitufe kimoja cha juu ili isome flashi badala ya kusoma diski yake. Maandishi meupe yalishuka kama mvua kwenye kioo cheusi. Baadaye ikatokea picha, na mstari wa kuonyesha kazi inavyokwenda. Mstari ukasogea, ukafika thelathini katika mia. Mashine ikazima.

Akaanza upya. Safari ya pili ilizima kwenye kumi na nane. Akaandika flashi upya, akaagiza chai, wakanywa wote wawili na kuzungumza habari za mnada. Waliporudi kwenye mashine ilifika arobaini na moja, ikazima.

Jumanne ilikwenda hivyo hivyo. Nalangu alifungua kifuniko kidogo cha chini, akachomoa kipande cha memori, akasugua meno ya kipande hicho kwa kifutio cha penseli, akarudisha. Akajaribu memori nyingine. Akapima diski. Akabadilisha chaja. Alitega sikio kwenye mashine, hakusikia kitu, akasema hizi ndogo nyingi hazina feni. Kuifungua yote hakutaka, kwa sababu plastiki ya mashine kuukuu huvunjika vishikizo na utepe wa kibodi hukatika, na mtu hafungui kifua bila sababu.

Marsela alikuwa akiangalia. Aliona kwamba mashine ikiwashwa mara tu baada ya kuzima hufika karibu, na ikipumzishwa hufika mbali. Aliona hilo tangu ile chai ya Jumatatu. Jumanne mchana, Nalangu alipotoka kwenda kununua vocha, Marsela aliweka kiganja chini ya kompyuta. Ilikuwa ya moto kama chungu kilichoipuliwa sasa hivi. Akarudisha mkono mapajani. Nalangu aliporudi hakumwambia.

Jumatano saa nane Nalangu alikunja mikono. Alisema amefanya analolijua, na anavyofikiri bodi kuu ya ndani imechoka. Bodi ya mashine hii haipatikani Karatu, labda Arusha, na hata Arusha si ya kutegemea. Hakutaka malipo. Aliomba namba ya Angelina amweleze mwenyewe. Marsela akasema ataeleza yeye. Akairudisha kompyuta ndani ya kikapu, akapanda Noah ya abiria ya Rhotia.

Alikuwa hajamaliza kushuka garini Angelina alipopiga simu. Marsela alisimama kando ya barabara, akamwambia fundi anasema bodi imechoka.

Mashine za kufulia zilisikika zikizunguka kule hotelini.

"Sawa, aayo," Angelina alisema. "Kesho kutwa nitampigia Mwalimu Ngoyai nimwambie amchukue yule mwingine. Nitaendelea na mashuka."

Hakulia wala hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Aayo, yaani mama kwa Kiiraqw, ndilo neno alilojifunza kabla ya maneno yote, na Marsela alilisikia vilevile kama siku zote. Alifunga simu, akapandisha njia ya nyumbani, na katikati ya njia akagundua kwamba anatembea haraka, mwili mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Piyaya ilikuwa imeondoka. Kilima, maji, simba, vyote vilikuwa vimeondoka. Akasimama. Wepesi huo haukumpendeza. Alijua umetoka wapi.

Alhamisi alipanda gari la kwanza. Nalangu alikuwa akifagia mbele ya kibanda, na hapakuwa na mteja. Marsela hakuketi.

"Fundi, nilikudanganya. Haikukaa kabatini."

"Ilikaa wapi?"

"Jikoni. Darini, juu ya moto. Miezi minane."

Nalangu aliegemeza ufagio. Alichukua kompyuta, akaileta puani, akainusa kwenye matundu ya pembeni. "Uliifuta kwa sabuni," alisema.

"Kwa nje."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza mbele ya wanaume." Kisha Marsela akamalizia, kwa kuwa alikuja kumaliza. "Na tangu Jumatatu nimeona ikipumzika inafika mbali. Juzi niliigusa, inachoma. Nikanyamaza."

"Uliona tangu Jumatatu."

"Niliona."

"Yeyo," Nalangu alisema, "halafu mnasema sisi ndio wezi wa ng'ombe."

Hakucheka habari ya dari. Kwao Arash, alisema, mama yake hufukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha mti wa oloirien ili maziwa yasiharibike, na kila msichana aliyewahi kusugua kibuyu anajua utando mweusi unaobaki ndani, unaonata kama gundi. Huenda mama yake naye angeifukiza kompyuta kwa nia njema. Kisha akasafisha meza, akawasha taa, akaanza kuifungua mashine yote.

Kibodi ilitoka kwa kubanduliwa polepole na kipande cha kadi ya simu. Chini yake palikuwa na skrubu kumi na nne za urefu wa aina tatu. Nalangu alizoea kuzitupia zote kwenye kifuniko kimoja cha chupa. Marsela alimzuia. Alitandaza upande wa kanga yake mezani, akazipanga kila moja mahali ilipotoka, kona kwa kona, kana kwamba anachora mashine nyingine juu ya nguo.

Feni ilikuwapo. Ilikuwa ndogo kama sarafu, imesimama kabisa, na mabawa yake yalikuwa yameshikana na masizi. Mbele yake palikuwa na meno membamba ya shaba ya kupitishia hewa ya moto, nayo yalizibwa mpaka yakaonekana kama kipande kimoja cheusi. Marsela aliyatazama muda mrefu. Moshi wake mwenyewe, kuni zake mwenyewe. Nalangu akampa mswaki mpya na kichupa cha spiriti, akamwambia asugue, taratibu, kuelekea upande mmoja. Marsela alisugua mpaka shaba ikarudi rangi yake na kitambaa kikawa hakitoi weusi tena. Nalangu aliondoa mafuta makavu juu ya prosesa, ubongo wa mashine, akapaka mapya meupe ya kupitisha joto, kidogo, kiasi cha punje ya mchele. Feni aliitia tone moja la mafuta ya cherehani. Aliipuliza, ikazunguka.

Wakati wa kufunga, Nalangu alishika skrubu akaielekeza kwenye kona ya kushoto.

"Hiyo ndefu siyo ya hapo," Marsela alisema. "Ya hapo ni fupi."

Nalangu alitazama kanga, akatazama kona. Skrubu ndefu mahali pale ingetoboa bodi. Aliiweka chini akachukua fupi. Kuanzia hapo alikuwa akinyoosha mkono bila kuangalia, na Marsela anampa skrubu.

Walichomeka flashi. Sasa ilisikika sauti, ndogo, kama nyuki aliye chumba cha pili. Mstari ulianza kusogea. Ulipofika arobaini na moja wote wawili walikuwa wameacha kuzungumza. Ukapita. Sitini, themanini. Mashine ikauliza jina la mtumiaji. Nalangu akaigeuza upande wa Marsela. Marsela aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta herufi moja moja, jina la binti yake, naye akakosea mara mbili na kuonyeshwa kitufe cha kufutia.

Kazi ilikuwa haijaisha. Linux haikuiona kadi ya mtandao wa wifi, kwa hiyo Nalangu aliunganisha simu yake kwa waya, akavuta programu ndogo ya kuitambulisha kadi, akawasha upya, na majina ya mitandao ya hoteli za jirani yakajipanga kwenye kioo. Saa ya mashine ilisoma mwaka uliopita zamani. Ndani palikuwa na betri ndogo ya duara iliyokufa, akaweka nyingine. Betri kubwa ilitunza chaji saa moja na nusu tu, na hilo Nalangu alisema hawezi kulificha, atamwambia Angelina aizoee hivyo. Waliiacha imewaka kwenye chaja tangu saa saba mpaka saa kumi na moja. Haikuzima.

"Nimpigie binti yako?" Nalangu aliuliza.

Marsela alimpa namba, akasema mpigie, mwambie imepona, aje kesho.

"Habari ya dari?"

"Hiyo usiiseme."

"Sikuwa na nia ya kuisema. Hiyo ni yako."

Ijumaa Angelina alikuja moja kwa moja kutoka kazini, vidole vimekunjamana kwa maji. Alimsalimia fundi, akamwamkia mama yake aliyekuwa benchini, akakaa mbele ya mashine. Alifungua mafaili yake, yote yalikuwapo. Aliandika sentensi mbili tatu, akazifuta. Uso wake ulikuwa umefunguka hata akafanana na alivyokuwa akiwa mdogo. Nalangu akasema anakwenda kuangalia kama maji yametoka bombani, akawaacha.

Marsela alimwambia. Alianza na ukungu wa masika na wezi kwa jirani, kisha akaona anazunguka, akasema tu kwamba aliiweka juu ya moto.

"Nilikwambia kabatini, aayo."

"Uliniambia."

Angelina alikuwa bado anatazama kioo. "Jumatano uliponiambia bodi imechoka, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeshajua inachemka. Nilijua ni moshi."

"Ulitaka nisiende."

Marsela angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa karibu. "Nilitaka," alisema.

"Na leo?"

"Leo pia sitaki. Lakini mashine imepona, na gari ni kesho."

Kioo kilififia chenyewe, Angelina akalazimika kugusa kitufe. Alikuwa amekasirika, na Marsela alikaa akayangoja maneno. Angelina alizima mashine kwa utaratibu aliofundishwa na Nalangu, akaiweka kwenye begi, akasema bado hajafungasha nguo, na kama mama ana nafasi wapitie sokoni wakanunue sufuria ndogo yenye mfuniko. Wakaenda. Walichagua sufuria, Angelina akachagua moja, Marsela akaigonga chini kwa kidole, akasema ni nyembamba, wakachukua nyingine.

Jumamosi gari lilifika saa kumi na moja alfajiri, pikapu iliyobeba saruji na magodoro. Mwalimu Ngoyai alikuwa mbele, mwanaume mrefu aliyejifunga shuka juu ya koti. Alisalimia, akauliza kompyuta iko wapi, akataka kuiona ikiwaka kabla mzigo haujapandishwa. Angelina aliiweka juu ya boneti. Ilichukua muda wake. Mwalimu Ngoyai alisimama akiitazama bila haraka mpaka jina la Angelina likatokea, akamwagiza aandike jina la shule. Aliandika. Mzee alilisoma, akatikisa kichwa kukubali, akamwambia dereva apandishe begi.

Kisha alimgeukia Marsela, akamuuliza kama ana neno lolote kuhusu mtoto wake, kwa kuwa anamchukua mbali.

Marsela alikuwa na maneno mengi. Alikuwa ameyakusanya wiki nzima, na mengine kabla ya hapo. Simba alikuwamo, na kilima cha mtandao, na kijana yeyote atakayemsumbua, na homa.

"Akichelewa kula huumwa tumbo," alisema.

Angelina alitazama pembeni kwa aibu. Mwalimu Ngoyai akasema amesikia. Wakapanda, na pikapu ikaelekea lango la hifadhi na taa zake zikiwaka, kwa sababu ukungu ulikuwa bado haujaondoka.